Nembo ya Gari: Kutoka Tundu la Skrubu Hadi Utepe wa Gundi

Kila gari hubeba jina la aliyelitengeneza, na mara nyingi jina hilo ni kipande kidogo cha madini au plastiki kilichoshikizwa kwenye boneti au mlango wa nyuma. Siku kipande hicho kinapovunjika, kinapofifia au kinapoibwa, mwenye gari hujiuliza: kitatolewaje, na kingine kitawekwaje, bila rangi kuharibika? Jibu limebadilika mara tatu katika muda wa miaka mia moja, na fundi asiyejua gari lililo mbele yake ni la zama zipi huweza kulitia kovu la kudumu kwa dakika moja.

Makala haya yanaifuata historia hiyo katika miji mitatu ya Marekani iliyojengwa kando ya mito: Buffalo kwenye Mto Niagara, Columbus kwenye Mto Scioto, na Louisville kwenye Mto Ohio. Katika miji hiyo wanaishi pia wasemaji wengi wa Kiswahili, hasa waliotoka mashariki mwa Kongo na nchi jirani. Huko, kama ilivyo Nairobi au Dar es Salaam, gari la kwanza la familia mara nyingi ni gari lililokwisha kutumika, na hivyo suala la nembo na rangi si geni kwao.

Gari lisilohitaji jina

Buffalo, katika jimbo la New York, ulikuwa mji wa mojawapo ya magari ya fahari kuliko yote nchini Marekani. George N. Pierce alianza kwa kutengeneza vizimba vya ndege na makabati ya barafu, kisha baiskeli, na mwaka 1901 kampuni yake ikaunda gari lake la kwanza. Mwaka 1906 ilihamia katika kiwanda kikubwa kwenye barabara ya Elmwood, na mwaka 1908 ikachukua jina la Pierce-Arrow. Rais William Howard Taft alipoingia Ikulu ya Marekani mwaka 1909, magari ya Pierce-Arrow yalikuwa miongoni mwa magari ya kwanza kutumiwa rasmi na kiongozi wa nchi hiyo.

Ajabu ni kwamba kwa miaka mingi gari hilo halikuandikwa jina mbele ya rejeta. Kuanzia mwaka 1913 taa zake za mbele zilichomoza kutoka kwenye madigadi, nayo magari ya kampuni nyingine yalibeba taa zake pembeni mwa rejeta. Kwa kuziona taa hizo tu, mtu aliyesimama kando ya njia alijua ni gari gani linalokuja. Umbo lenyewe lilikuwa nembo. Ni baadaye tu, kuelekea miaka ya 1930, ndipo sanamu ya mpiga upinde ilipozoeleka juu ya rejeta ya Pierce-Arrow. Kampuni hiyo ilifungwa mwaka 1938, na leo magari yake huonekana katika jumba la makumbusho mjini humo humo.

Wengi wa washindani wake hawakuwa na bahati ya kutambulikana kwa taa. Magari yalikuwa yakifanana, viwanda vilikuwa vingi, na kila mmoja alitaka jina lake lisomeke kutoka mbali. Hapo ndipo biashara ya nembo ilipoanza kustawi.

Kutoka beji za wanafunzi hadi rejeta

Mji wa Columbus, katika jimbo la Ohio, ulikuwa na kampuni iliyoitwa D. L. Auld. Mwanzoni kampuni hiyo ilijulikana kwa vito na beji za vyama vya wanafunzi wa vyuo vikuu. Ufundi wa kutengeneza beji ya kuvaliwa kifuani ulikuwa ndio ule ule uliohitajika kwa beji ya gari. Bamba la shaba lilipigwa muhuri ili herufi na michoro ibaki imeinuka, mabonde yaliyobaki katikati yakajazwa unga wa kioo wenye rangi, kisha bamba likachomwa katika tanuri hadi unga ukayeyuka na kuganda kama kigae. Ndiyo sababu nembo za miaka ya 1920 bado zina rangi za kung'aa hata baada ya karne moja. Watu wanaokusanya vitu vya kale huzigeuza na kuona nyuma yake jina la Auld na la mji wa Columbus.

Nembo hizo hazikubandikwa kwa gundi. Zilishikwa kwa skrubu, kwa ribiti, au kwa vijiti vilivyopitishwa kwenye matundu na kukazwa kwa nati upande wa nyuma. Ilipowekwa kwenye rejeta, haikuleta madhara makubwa. Tatizo lilianza majina yalipohamia kwenye bodi yenyewe: kwenye boneti, kwenye madigadi na kwenye buti. Kila tundu lililotobolewa kwenye bati lilikuwa mlango wa maji. Katika mji kama Buffalo, ambako barabara humwagiwa chumvi majira ya baridi ili kuyeyusha barafu, kutu ilianzia pale pale nyuma ya jina la gari, mahali pasipoonekana, ikatokeza nje baada ya miaka kadhaa kama uvimbe chini ya rangi.

Kwa gari la zama hizo, kanuni ni moja: nembo haivutwi kutoka mbele. Fundi hufungua boneti au kutoa kitambaa cha ndani ya mlango, akazitafuta nati au vibanio kwa nyuma, akavilegeza polepole. Akichokonoa kwa bisibisi kutoka mbele, atavunja vijiti na kukwaruza rangi kwa pamoja.

Edsel na matundu yasiyodanganya

Mji wa Louisville, katika jimbo la Kentucky, unasimulia upande mwingine wa habari hii. Tarehe 4 Septemba 1957 kampuni ya Ford ilizindua magari mapya yaliyopewa jina la Edsel, kwa heshima ya mwana wa Henry Ford aliyefariki dunia mwaka 1943. Wateja hawakuyapenda. Tarehe 19 Novemba 1959 Ford ilitangaza kuacha kuyatengeneza. Magari ya mwisho, yale ya toleo la mwaka 1960, yaliundwa Louisville. Hayakufika 3,000: yalikuwa 2,846 tu, na kati yake yenye paa la kukunja yalikuwa 76.

Toleo hilo la mwisho halikuwa gari la peke yake hasa. Lilikuwa Ford ya mwaka 1960 iliyopewa uso mwingine, taa nyingine za nyuma, mapambo mengine na jina jingine. Kwa hiyo miaka ilipopita, na Edsel iliyodharauliwa ikawa kitu adimu cha kutafutwa kwa fedha nyingi, ikawezekana kwa mtu mwenye Ford ya kawaida yenye paa la kukunja kuivika mapambo ya Edsel na kuifanya ionekane kuwa miongoni mwa yale magari 76.

Mnunuzi makini hakuiamini nembo peke yake. Alisoma kibati cha namba kilichowekwa kiwandani. Alitazama pia nyuma ya bati: matundu ya kiwandani yako wapi, na yapi yametobolewa baadaye kwa mkono? Tundu la zamani likizibwa kwa lehemu na kupakwa rangi, mara nyingi huacha alama upande wa ndani. Kwa hiyo kutoa nembo na kuweka nyingine hakukuwa suala la urembo tu, bali lilihusu pia uaminifu kati ya muuzaji na mnunuzi.

Ghadhabu ya fundi rangi

Mageuzi makubwa yaliyofuata yana chanzo chake mbali kidogo na miji hii mitatu, katika mji wa St. Paul, jimbo la Minnesota. Katika miaka ya 1920 lilizuka pendeleo la magari ya rangi mbili. Ili kupaka rangi ya pili, fundi alilazimika kuifunika ya kwanza kwa karatasi zilizobandikwa kwa gundi. Alipozibandua, gundi iling'oa na rangi, na kazi ya siku nzima ikaharibika.

Kijana mmoja wa kampuni ya 3M, Richard Drew, alikuwa akipeleka karatasi za msasa gereji kufanyiwa majaribio. Aliwasikia mafundi wakilalamika kwa hasira, akaahidi kuwatafutia dawa. Mwaka 1925 akapata utepe wa karatasi wenye gundi ya kiasi: unashika vya kutosha kuzuia rangi, lakini unabanduka bila kuing'oa. Ni utepe ule ule ambao fundi rangi wa Gerezani mjini Dar es Salaam au wa Grogan mjini Nairobi huutumia hata leo kufunika vioo.

Miaka 55 baadaye, mwaka 1980, kampuni hiyo hiyo ilileta sokoni utepe wa kinyume chake: wa sifongo ya akriliki, wenye gundi pande zote mbili, uliokusudiwa kushika daima. Viwanda vya magari viliupokea utepe wa aina hiyo kwa furaha, maana uliondoa haja ya kutoboa bati. Nembo zenyewe zilikuwa zikigeuka kutoka madini mazito kuwa plastiki nyepesi iliyopakwa kromu.

Columbus nako hakukulala. Mwaka 1978 kampuni ya D. L. Auld ilipata hataza ya njia ya kumimina plastiki ya majimaji juu ya kipande cha karatasi ya madini, ikatandaa hadi ukingoni na kuganda kama lenzi inayong'aa. Kampuni hiyo ilimshtaki mshindani wake, Chroma Graphics, lakini mwaka 1983 mahakama ya rufaa iliamua kwamba hataza hiyo ni batili. Sababu ilikuwa kwamba Auld ilikwisha kuwatolea wateja nembo zilizotengenezwa kwa njia hiyo zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kuomba ulinzi wa sheria. Wanafunzi wa sheria nchini Marekani bado huisoma kesi hiyo, ambayo chanzo chake kilikuwa nembo ya kubandikwa.

Kubandua bila kovu

Kwa gari lenye nembo ya gundi, kazi haihitaji nguvu bali subira. Kwanza mahali pote huoshwa, kwa sababu chembe ya mchanga ikisuguliwa ni sawa na msasa. Kisha mafundi huweka utepe wa karatasi juu na kando ya nembo, ili kutunza alama ya mahali ilipokuwa. Gundi hulainishwa kwa joto la mashine ya kukaushia nywele kwa dakika chache, mpaka bati liwe na moto ambao mkono unaweza kuuvumilia. Baada ya hapo uzi wa mshipi wa kuvulia samaki, au uzi wa kusafishia meno, hupitishwa nyuma ya nembo na kuvutwa huku na huku kama msumeno. Uzi ukigota mahali fulani, basi huenda pana kijiti ndani ya tundu, na hapo kazi huhamia upande wa nyuma.

Masalio ya gundi huviringishwa kwa kidole gumba, na yanayobaki hufutwa kwa kitambaa chenye dawa laini ya kuondolea gundi, iliyojaribiwa kwanza mahali pasipoonekana. Tina haifai: huweza kuyeyusha rangi, hasa ya gari lililopakwa upya gereji. Gari la namna hiyo linahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa rangi isiyoshika vizuri huweza kutoka pamoja na gundi.

Mara nyingi chini ya nembo huonekana kivuli chake. Hapo rangi ilikingwa na jua ilhali ya pembeni ilipauka. Kung'arisha hupunguza tofauti hiyo, lakini katika gari lililokaa juani miaka mingi huenda kivuli kisiishe kabisa.

Nembo mpya huwekwa juu ya rangi safi, kavu, iliyofutwa kwa spiriti. Hukandamizwa kwa nguvu, na gari halioshwi kwa siku nzima, kwa kuwa utepe huchukua takriban siku tatu kufikia nguvu yake kamili. Kwenye baridi ya Buffalo kazi hiyo hufanywa ndani ya banda lenye joto, maana gundi haishiki bati la baridi kali.

Tundu larudi

Katika miji ya Afrika Mashariki historia hii imerudi nyuma kwa namna yake. Kwa kuwa nembo ya gundi hubanduliwa kwa urahisi, huibwa kwa urahisi pia. Wenye magari wengi huamua kuzipigilia ribiti nembo, taa na vioo vya pembeni. Mwizi huzuiwa, lakini bati hutobolewa tena, kama lilivyotobolewa miaka ya 1950.

Kwa gari la Mombasa, Tanga au Unguja, ambako upepo wa bahari hubeba chumvi mwaka mzima, tundu hilo lina hatari ile ile iliyoyala magari ya Buffalo. Mafundi waangalifu hupaka rangi ya kuzuia kutu kwenye kingo za tundu kabla ya kupiga ribiti. Ni kazi ya dakika chache, na ndiyo itakayoamua kama bati litakuwa zima siku nembo hiyo itakapotolewa tena.