Kang'ata Inapoangusha Programu: Hitilafu za Programu za Mezani Handeni na Korogwe

Programu ya mezani ni ile inayosimikwa ndani ya kompyuta na kuendeshwa humohumo, tofauti na mfumo wa wavuti unaofunguliwa kwa kivinjari na kuishi kwenye seva ya mbali. Serikali ya Tanzania imekuwa ikihamia upande wa wavuti. PlanRep, inayotumiwa na halmashauri kupanga mipango na bajeti, ilikuwa ya kusimikwa kwenye kompyuta moja moja kabla ya toleo lake la wavuti kuzinduliwa mwaka 2017. Lakini katika miji ya kiasi cha Korogwe na Handeni programu ya mezani bado ina kazi: duka la dawa lenye kompyuta moja, shule binafsi inayotoa ripoti za wanafunzi, ghala la mahindi, chama cha ushirika kinachopokea mkonge wa wakulima. Haili bando, haisubiri mtandao, na mwenye duka huilipia mara moja. Nyingi huandikwa kwa Visual Basic, C# au Java, nyuma yake kukiwa na hifadhidata ya Access, SQLite au MySQL, na mara nyingi mwandishi wake ni mtu mmoja anayeishi mji mwingine.

Hitilafu za programu hizi ni nadra kutokana na hesabu ngumu. Hutokana na jambo ambalo mwandishi alilichukulia kuwa kweli kila mahali, kwamba jina halina alama ndani yake, umeme haukatiki, tarehe husomwa kwa namna moja, kisha programu ikafikishwa mahali ambapo si kweli. Anayetafuta kosa hufika haraka akianza na swali hilo kabla hajaanza kupekua mistari ya msimbo: programu hii inaamini nini kuhusu mahali hapa?

Majina

Kang'ata ni kata ya Wilaya ya Handeni, na inatosha kuangusha programu ambayo kata nyingine zote za wilaya zimeipita salama. Katika lugha ya SQL, inayotumiwa kuzungumza na hifadhidata, neno huwekwa kati ya ritifaa (') mbili. Mwandishi anayeunda amri kwa kuunganisha vipande vya maandishi hupachika jina la kata katikati yake. Jina likiwa Kang'ata, ritifaa iliyo ndani yake hufunga neno baada ya "Kang", na "ata" hubaki nje kama amri isiyojulikana. Hifadhidata hurudisha ujumbe wa kosa la sintaksia. Karani haoni sintaksia. Anaona tu kwamba kata moja haiingii.

Karani si mtu wa kushindwa na hilo. Anaandika Kangata na kazi inaendelea, na hapo tatizo linakuwa baya zaidi kwa sababu limenyamaza. Mwingine analeta orodha iliyochapwa kwa Word, ambayo hubadili ritifaa iliyonyooka kuwa ile iliyopinda. Machoni alama hizo mbili karibu zinafanana, lakini kwa kompyuta ya kwanza ni herufi namba 39 na ya pili ni namba 8217. Mwisho wa mwaka ripoti inaonyesha kata mbili mahali pa moja, na jumla ya kila moja ni pungufu.

Tiba ya kwanza ni kuacha kuunganisha vipande. Kila lugha inayotumika leo inaruhusu amri yenye nafasi wazi, ambamo thamani hupelekwa kando na hifadhidata huipokea kama data tupu, haijali imebeba alama gani. Wako wanaotibu kwa kurudufu kila ritifaa kabla ya kuunda amri; hilo hufanya kazi mpaka siku wanapolisahau kwenye fomu moja. Tena mlango huohuo ndio wadukuzi wanaoupenda, maana anayeweza kufunga neno kabla ya wakati anaweza kuongeza amri yake mwenyewe. Tiba ya pili ni kusawazisha: ritifaa zote zinazoingia zigeuzwe kuwa za aina moja kabla ya kuhifadhiwa na kabla ya kutafutwa.

Handeni ina jambo jingine ambalo vitabu vya programu havitalitaja. Kwamatuku, Kwaluguru, Kwamgwe, Kwankonje, Kwasunga, Kwedizinga, Kwachaga: sanduku la kuchagulia linaloruka kwa herufi ya kwanza halimsaidii mtu hapa, na utafutaji unaoanza kuonyesha majibu baada ya herufi mbili humwaga sehemu kubwa ya wilaya. Utafutaji uanze kwenye herufi ya nne, au uangalie katikati ya jina. Ni mabadiliko ya mstari mmoja, na makarani watayashukuru kuliko rangi mpya za vitufe.

Jina pia halifai kuwa ufunguo wa jedwali. Mji wa Korogwe una kata iitwayo Bagamoyo na nyingine iitwayo Majengo. Bagamoyo inayojulikana zaidi iko mkoa wa Pwani, na Majengo ziko miji mingi. Mipaka nayo husogea. Kwediboma ilihesabiwa Handeni hadi Kilindi ilipokatwa kuwa wilaya yake mwaka 2002, na programu iliyoandika orodha ya wilaya ndani ya msimbo huhitaji kuandikwa upya kila mpaka unaposogea. Kila eneo lipewe namba yake, jina liwe maelezo tu, na orodha ikae kwenye jedwali ambalo mwenye ofisi anaweza kulirekebisha.

Kwa majina ya watu, kosa la kawaida ni kulikata jina kila penye nafasi na kudai vipande vitatu. Tangu Juni 2022, familia kutoka Ngorongoro zilipoanza kuhamia kijiji cha Msomera, orodha za Handeni zimekuwa na majina zaidi ya Kimaasai, na yale yenye "ole" hutoa vipande vinne. Programu inayokata kwa nafasi huifanya "ole" kuwa jina la mwisho na kulitupa jina linalofuata.

Namba zisizo namba

Namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) ina tarakimu 20, nane za mwanzo zikiwa mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Anayeihifadhi kama namba anajitafutia taabu. Aina ya namba kamili ya biti 64 hukomea kwenye tarakimu 19, na hata ikiachwa bila alama ya kutoa haifiki 19 ikifuatiwa na tarakimu nyingine 18, yaani haimtoshi mtu yeyote aliyezaliwa mwaka 1900 na kuendelea. Excel hutunza tarakimu 15 tu, na tano za mwisho huzigeuza sifuri bila kuuliza. Namba ya simu nayo hupoteza sifuri ya mwanzo. Kanuni ni rahisi: kama hutaijumlisha wala kuizidisha, ni maandishi.

Shilingi ni namba kweli, lakini ina mtego wa ukubwa. Katika Visual Basic ya zamani, na katika makro za Excel na Access hadi leo, aina iitwayo Integer hukomea 32,767. Bei ya gunia la mahindi huipita. Katika lugha mpya Integer ni ya biti 32 na hukomea 2,147,483,647, kiasi kinachoonekana kikubwa mpaka ukumbuke kwamba bajeti ya halmashauri ni makumi ya mabilioni. Visual Basic ya .NET ikivuka hapo husimama na kulalamika. C#, kwa mpangilio wake wa kawaida, hugeuka kimya na kutoa jumla hasi. Afadhali ile inayolalamika.

Kisha kuna senti. Hazimo mifukoni, lakini zimo kwenye kodi. Bidhaa ya shilingi 10,000 iliyojumuisha VAT ya asilimia 18 ina kodi ya 1,525.42. Bidhaa tatu za bei hiyo, kila moja ikikadiriwa peke yake, zina kodi ya 4,576.26, ilhali shilingi 30,000 zikihesabiwa pamoja zina kodi ya 4,576.27. Hakuna jibu lililokosewa. Lakini kama risiti inakadiria kwa kila mstari na ripoti ya mwezi inakadiria kwa jumla, mhasibu atatafuta senti hiyo hadi usiku. Ichaguliwe njia moja na itumike kote, na pesa zihifadhiwe kwa aina ya desimali, si kwa nukta inayoelea, ambayo haiwezi kuandika hata 0.1 kwa ukamilifu.

Tarehe na saa

03/04/2024 ni tarehe 3 Aprili kwa msomaji wa Korogwe na Machi 4 kwa kompyuta iliyoachwa kwenye mipangilio ya Marekani. Kosa hili lina dalili yake: malalamiko huanza tarehe 13 ya mwezi, kwa sababu hakuna mwezi wa 13, ilhali siku 12 za mwanzo zimeshaingia zikiwa zimegeuzwa. Access ni msumbufu zaidi. Tarehe iliyo ndani ya amri ya SQL huisoma Kimarekani hata mipangilio ikisema vingine, na ikikuta 13 mahali pa mwezi hujigeuza yenyewe bila kusema neno, hivyo mwezi mmoja huwa na siku sahihi na siku potovu pamoja. Tarehe ipelekwe kwa amri yenye nafasi wazi, au iandikwe mwaka kwanza.

Saa ya Kiswahili haimo kwenye mipangilio ya Windows kabisa. Mtoto aliyezaliwa saa nane usiku amezaliwa saa 02:00, lakini fomu inayodai AM au PM humtega karani aandike 8:00 PM, na mtoto anasogezwa saa kumi na nane mbele, hadi usiku wa mwisho wa tarehe ileile. Fomu nzuri humwacha karani aandike saa nane na achague alfajiri, asubuhi, mchana, jioni au usiku, kisha yenyewe igeuze na kuonyesha matokeo kabla ya kuhifadhi.

Kompyuta ikiwa kuukuu, betri ndogo ya CR2032 kwenye ubao mama hufa, na kila umeme ukikatika tarehe hurudi miaka mingi nyuma. Programu ya mauzo isikubali kufunguka bila kuuliza iwapo saa ya kompyuta iko nyuma ya muamala wa mwisho uliohifadhiwa.

Kwangu inafanya kazi

Programu iliyokamilika Dar es Salaam hukataa kufunguka Mkata, wilayani Handeni, kwa sababu kompyuta ya mwandishi ilikuwa na vitu ambavyo hakujua anavitegemea. Ujumbe kwamba faili la VCRUNTIME140.dll halipo maana yake ni kwamba kifurushi cha Visual C++ hakikusimikwa. Ujumbe kwamba Microsoft.ACE.OLEDB.12.0 haijasajiliwa mara nyingi si upungufu wa kitu bali ni kutolingana: programu ni ya biti 64 na Office iliyopo ni ya biti 32, au kinyume chake. Java inayolalamika kuhusu toleo 61 inadai Java 17 wakati iliyopo ni ya chini. Na .NET 3.5 kwenye Windows 10 huomba kupakuliwa kutoka intaneti, jambo linaloweza kumaliza bando la ofisi, ilhali faili zake zimo ndani ya folda ya sources\sxs ya diski ya kusimikia. Flashi ya msimikaji iwe na vyote hivyo.

Programu inayoandika data ndani ya Program Files huleta ajabu nyingine. Windows humzuia mtumiaji wa kawaida kuandika humo, lakini kwa programu za zamani hulihamisha faili kimyakimya hadi VirtualStore, folda iliyo ndani ya akaunti ya mtumiaji huyo. Karani wa asubuhi na wa jioni, wakitumia akaunti mbili, wanakuwa na hifadhidata mbili na kila mmoja anaapa mwenzake amefuta kazi yake. Data za pamoja zikae ProgramData, na kisimikaji kitoe ruhusa ya kuandika.

Mizani iliyounganishwa kwa waya wa USB nayo hubadilika jina: waya ukichomekwa tundu jingine, COM3 huwa COM5. Programu ibaki na orodha ya kuchagua.

Umeme

Umeme ukikatika katikati ya uandishi, faili la Access linaweza kuharibika, hasa likiwa linafunguliwa na kompyuta kadhaa kupitia folda ya pamoja. SQLite ni imara zaidi kwa sababu huandika kwanza kwenye faili la pembeni, ili umeme ukirudi iweze kurudisha nyuma muamala uliokatika. Uimara huo hupotea mtu akiliona faili hilo, akalidhani takataka na kulifuta. Hupotea pia nakala inapochukuliwa kwa kunakili faili kuu hadi flashi wakati programu iko wazi. SQLite ina amri yake ya kutoa nakala salama, nayo ndiyo ambayo kitufe cha "hifadhi nakala" kinapaswa kuiita. Kupokea mzigo, kuongeza ghala na kuandika deni la mkulima viwe muamala mmoja: vyote viingie au visiingie.

Skrini inayoganda ni tatizo jepesi kulitambua. Kazi ndefu imewekwa kwenye uzi (thread) uleule unaochora dirisha, dirisha linapauka, karani anabofya tena, na risiti inatoka mara mbili. Kazi ihamishiwe uzi wa nyuma, na kitufe kizimwe tangu mbofyo wa kwanza.

Kutafuta kosa kwa mbali

Mwandishi aliye mbali hupokea simu: programu imegoma. Neno hilo linaweza kuwa lolote kati ya yaliyotajwa juu, kwa hiyo swali la kwanza liwe ni nini kilichoandikwa kwenye skrini, neno kwa neno, na la pili ni kitu gani kilibadilika tangu jana. Kisha atafute ingizo dogo kabisa linaloleta kosa. Kama orodha ya wakulima 400 haiingii, iingizwe nusu, kisha nusu ya nusu. Kwa hatua tisa hivi atakuwa amefika kwa mkulima mmoja, ambaye huenda jina la kata yake lina ritifaa.

Picha ya skrini iliyotumwa kwa WhatsApp husaidia, lakini nyuma ya kisanduku cha kosa mara nyingi yanaonekana majina ya wagonjwa au madeni ya watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu mwandishi na mwenye ofisi wote wawili. Ni bora programu iandike yenyewe faili la kumbukumbu lenye saa, toleo la programu, toleo la Windows, fomu iliyokuwa wazi na ujumbe kamili wa kosa, huku namba ya rekodi ikisimama badala ya jina la mtu. Faili hilo likipewa kikomo cha ukubwa, megabaiti moja kwa mfano, karani anaweza kulituma kwa bando dogo alilo nalo.