RELI NA BARABARA: NANI ALILISHWA, NANI ALIAMBIWA AJILISHE? (Sehemu ya 4)

Baada ya ile sehemu ya kusafiri na mtoto mchanga, swali moja limerudi sana: "Nesi, kwa nini bibi zetu walisafiri kwa treni, sisi tumekulia kwenye mabasi?" Jibu liko kwenye hela, tena hela yako wewe. Kaa, nyonyesha mtoto taratibu, nikusimulie.

Tuanze mwanzo. Reli ya Kati haikujengwa kwa kusubiri nauli. Mwaka 1904 Bunge la Ujerumani lilikubali kudhamini mtaji wa kipande cha Dar es Salaam hadi Morogoro. Ujenzi ukaanza 1905, Morogoro ikafikiwa 1907, Tabora 1912, Kigoma 1914. Wakoloni walitaka mizigo na utawala, hawakumfikiria mama anayempeleka mtoto kwa bibi yake. Lakini mama alipanda hivyo hivyo.

Waingereza walipochukua nchi, wakailinda. Miaka ya 1930 waliyawekea malori vizuizi yasishindane na reli, maana mizigo ndiyo ilikuwa inabeba gharama. Hapa shika jambo moja: nauli ya abiria peke yake kwa kawaida haitoshi kulipia njia, madaraja na stesheni. Abiria hubebwa na mizigo, au na serikali. Ndivyo ilivyo hata kwa nchi tajiri.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na shirika la reli la pamoja likaenda nalo. Tukaunda TRC yetu. Tazara nayo ilikuwa imeshakamilika 1975, kilomita 1,860 mpaka Kapiri Mposhi, kwa mkopo wa China usio na riba. Yaani reli tulikuwa nazo. Shida ikawa nani atazilisha.

Sasa angalia barabara. Kuanzia 1990 ulikuja mradi mkubwa wa barabara kwa fedha za Benki ya Dunia na wahisani wengine. Mwaka 1998 sheria ikabadilishwa, ikaundwa Bodi ya Mfuko wa Barabara, na chakula chake kikubwa ni tozo ya mafuta. Kwa hiyo hata ukipanda bodaboda kwenda kliniki, sehemu ya hela yako inaenda kutengeneza barabara. Na ni vizuri. Lakini jiulize, umewahi kusikia mtu akisema barabara ya Chalinze imepata hasara mwaka huu, tuifunge? Hakuna. Barabara haina daftari la faida.

Reli ilikuwa nalo. Na daftari likisoma hasara, kinachokatwa kwanza ni behewa la abiria. Treni ya abiria ya kwenda Moshi ilisimama miaka ya 1990 na ikarudi Desemba 2019. Hiyo ni karibu robo karne! Mtoto aliyezaliwa treni iliposimama alikuwa mtu mzima iliporudi. Mwaka 2007 Serikali ilikabidhi uendeshaji wa Reli ya Kati kwa ubia na kampuni ya RITES ya India, iliyoshika asilimia 51. Tukaambiwa mwekezaji ataleta nafuu. Mishahara ikaleta migomo, mwishoni mwa 2009 mafuriko ya Kilosa yakasomba tuta, treni zikasimama kwa miezi. Ubia uliopangwa wa miaka 25 haukumaliza hata mitano.

Sitakudanganya kwamba treni haina hatari. Tarehe 24 Juni 2002, pale Igandu, Dodoma, treni ya abiria ilirudi nyuma mlimani bila kuzuilika, ikagonga treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Wapo watoto waliobaki bila mama siku ile.

Lakini niingie kwenye eneo langu. Basi likipinduka usiku, hasara haiandikwi kwenye hesabu za barabara. Inaandikwa wodini. Ni damu inayotafutwa saa tisa usiku, baba mwenye mguu kwenye P.O.P. asiyeweza kurudi kazini, mama anayelala sakafuni kando ya kitanda cha mwanae huku genge lake limefungwa. Tumepokea watoto waliokuwa wamepakatwa. Na mama hulia akisema, "Nesi, nilimshika kwa nguvu." Alimshika kweli. Ila gari likisimama ghafla, hakuna mikono inayotosha. Hizo gharama nazo ni za usafiri, sema zimelipwa na familia kimya kimya.

Barabara siyo adui, jamani. Mjamzito anayetoka damu kijijini anaokolewa na njia inayopitika mpaka mlangoni kwake, na reli haifiki huko. Tunachohitaji ni hesabu moja kwa wote wawili.

Na hesabu imeanza kubadilika. Mwaka 2015 iliwekwa tozo ya kuendeleza reli, asilimia 1.5 kwa bidhaa nyingi zinazoingia kutoka nje. Ujenzi wa SGR ukaanza 2017. Tarehe 14 Juni 2024 abiria wakaanza kusafiri Dar–Morogoro, na Julai hiyo hiyo wakafika Dodoma. Nauli ilianza na shilingi 13,000 mpaka Morogoro, watoto wa miaka 4 hadi 12 nusu, chini ya hapo bure. Kwa hiyo mama, hata kama hujawahi kukanyaga stesheni ile, umeshachangia. Ni mali yako.

Ombi langu ni dogo. Bajeti ikisomwa mwezi wa sita, usibadilishe chaneli. Sikiliza fungu la reli, na usiishie kwenye neno "ujenzi", subiri neno "matengenezo". Reli yetu ya zamani ilijengwa vizuri, ikaja ikakosa wa kuitunza.

Sehemu ya 5 nitarudi kwenye safari yenyewe: dawa na vitu vya kubeba ukisafiri na mtoto chini ya mwaka mmoja. Kabla hujaondoka niandikie hapo chini: mara ya kwanza kupanda treni ulikuwa na umri gani, na nani alikushika mkono?