Setilaiti Haijui Njia ya Ganze

Mteja akiwa Ganze na mzigo ukiwa Tezo, huku pwani ya Kenya, mazungumzo ya simu huwa mafupi: "Kaka, nakutumia lokesheni." Pini inaingia, mwenye pikipiki anaibonyeza, na ramani inamchorea mstari wa buluu. Kwenye lami ya Mombasa kwenda Malindi mstari ule hauna neno. Ukishaiacha lami na kushika magharibi, katikati ya mashamba ya skimu ya Tezo-Roka na kuendelea bara, mstari unaanza kubahatisha. Mara unakupitisha juu ya mahindi ya mtu, mara unakata ua wa boma, mara unakwisha tu chini ya mkorosho. Hapo utasikia: jipiesi imedanganya.

Haikudanganya. Lawama hiyo imezaliwa na jina. Istilahi ya Kiingereza "satellite navigation" tumeigeuza kuwa "uongozaji wa setilaiti", tukaamini kwamba huko juu kuna chombo kinachoiona barabara na kumwongoza mtu. Setilaiti hizi hazioni barabara yoyote. Kazi yao ni kutangaza saa.

Mfumo wa Marekani, GPS (ndiyo hiyo jipiesi), umepangwa kwa setilaiti 24 au zaidi, zinazozunguka kwenye kimo cha kilomita 20,200 hivi. Ya kwanza ilirushwa 1978, na mfumo ukatangazwa kukamilika 1995. Kila moja ina saa ya atomu na hurusha ujumbe usiokoma: mimi ni fulani, nipo mahali hapa, saa ni hii. Kipokezi kilicho ndani ya simu hupima jinsi jumbe zilivyochelewa kufika. Kikipata nne, kinakokotoa latitudo, longitudo, kimo na hitilafu ya saa yake chenyewe. Saa ikikosea kwa sehemu moja ya milioni ya sekunde, umbali umepotoka mita 300. Hadi Mei 2000 Marekani iliwaharibia raia usahihi wa ishara kwa makusudi. Leo, penye anga wazi, simu ya kawaida hukosea mita chache tu, tena husikiliza na Glonass ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China.

Pwani hii setilaiti si mgeni. Kwenye jukwaa la San Marco, baharini Ngomeni kaskazini mwa Malindi, ndipo iliporushwa setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970, ikapewa jina hilo kwa sababu siku yenyewe ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya. Ile ilitumwa kuchunguza eksirei zitokazo kwenye nyota. Habari za njia ya Ganze haikuwa nazo, na hizi za leo pia hazina.

Basi tunahitaji maneno mawili badala ya moja. Kubaini mahali ni kazi ya setilaiti na kipokezi. Uelekezi ni kazi ya ramani, pamoja na programu inayoisoma. Tukivitenganisha, mengi yananyooka. Wapo wanaoamini kwamba bando likiisha, jipiesi imekufa. Kipokezi hakili bando; bila intaneti kitachelewa kidogo kupata setilaiti za kwanza, lakini kitazipata. Kinachokosekana ni ramani. Ukipakua ramani ya Kenya nzima kabla ya kutoka nyumbani, kwa programu kama OsmAnd au Organic Maps, utajiona ulipo hata pale ambapo mtandao wa simu umekata kabisa. Ramani za programu hizo zinatokana na OpenStreetMap, kazi ya watu wa kujitolea iliyoanza 2004. Kijia ambacho hakuna mtu aliyekichora hakitaonekana, hata setilaiti ziwe nyingi kiasi gani juu ya kichwa chako.

Kuhusu kuchagua chombo, mimi ningeanza na simu, lakini si ile nzuri. Mwaka 2021 kampuni ya Apple iliwaonya wateja wake kwamba mtetemo wa injini kubwa za pikipiki unaweza kuharibu kamera za baadhi ya simu zake. Injini ya bodaboda ni ndogo, ila ya silinda moja, na hutetema kutwa. Simu ya zamani iliyofungwa vizuri kwenye usukani, ikichajiwa na betri ya pikipiki, inatosha kwa kazi nyingi. Adui wake ni jua la saa sita: kioo hakisomeki, na simu ikipata moto hujizima. Vifaa vya uelekezi tu, kama vile vya Garmin, vinastahimili mvua na vumbi na hubonyezeka hata kwa glavu, na kwa safari ya siku kadhaa vinalipa gharama yake. Kwa kupeleka gunia la mkaa na kurudi, sioni sababu.

Istilahi inayonikera zaidi ni nyingine. Faili ya GPX, muundo uliotoka 2002 na unaosomwa na karibu kila kifaa, hutenga vitu vitatu: alama moja moja za mahali, mstari uliopangwa kabla ya safari, na mstari uliorekodiwa mtu alipokuwa akipita. Kiingereza huita huo wa pili "route" na wa tatu "track". Kwa Kiswahili mara nyingi yote miwili huitwa njia, na hapo ndipo mtu anapoishia kwenye mahindi. Mstari uliopangwa umekokotolewa na programu kwa kuamini ramani. Mstari uliorekodiwa unathibitisha kwamba tairi la mtu lilipita kweli, na siku gani.

Huo wa tatu tuuite nini? Nyayo ingefaa kimaana, ila nchini Kenya neno hilo lina mwenyewe tangu 1978, Moi aliposhika urais na wimbo wa taifa zima ukawa kufuata nyayo. Mkokoto, yaani alama ya kitu kilichoburuzwa, ni zuri lakini wachache wanalijua. Mimi nachagua mapito. Makanisani neno hili limekuja kumaanisha dhiki, na aliyesukuma pikipiki kwenye mchanga mweupe wa msitu wa Arabuko-Sokoke, chini ya miti ya mirihi, hataona kosa. "Nitumie mapito yako ya Vitengeni" ni sentensi ambayo mtu wa steji ya bodaboda ataielewa mara moja. Huo wa pili ubaki njia iliyopangwa.

Lakini mtu kupita jana si ruhusa ya kupita leo. Uingereza, wanaopenda kupita vichochoro vya mashambani kwa pikipiki huuliza kwanza kama kichochoro kiko wazi kisheria kwa vyombo vya moto. Huku swali ni kama mwenye shamba bado anaruhusu, na kama mvua imekiacha. Ndani ya msitu wa Arabuko-Sokoke lipo swali la tatu, ruhusa ya wasimamizi, na la nne, ndovu. Mapito hayajibu yote hayo. Yaliyorekodiwa Februari yanaweza kuwa dimbwi Mei, kwa hiyo jina la faili libebe tarehe.

Namba nazo zina mitego. Tezo iko nyuzi 3 na nusu hivi kusini mwa ikweta, na programu huandika kusini kwa alama ya hasi. Idondoshe hasi hiyo unapomwandikia mtu, na umempeleka zaidi ya kilomita 700 kaskazini, karibu na mpaka wa Ethiopia upande wa Moyale. Mwenye ramani za zamani za serikali, zile za kipimo cha 1:50,000, ajue kwamba zilichorwa kwa msingi wa vipimo uitwao Arc 1960, ilhali GPS hutumia WGS 84. Ukizihamisha namba bila kuzigeuza, umekosea mita 300 hivi, umbali wa kutosha kufika boma lisilo lako.

Na kabla ya kumtumia mwenzako mapito, kata mita mia chache za mwanzo na za mwisho. Huanzia mlangoni pako na kuishia mlangoni pa mteja, na faili ikishaingia kwenye kundi la steji huwezi kuirudisha.