Moto kwa Ajili ya Zege: Ujenzi wa Majira ya Baridi Ulaya na Marekani

Katika Ulaya ya Kaskazini ya zama za kati, waashi waliikabili baridi kali kwa kuacha kujenga. Chokaa iliyochanganywa na mchanga hushika polepole mno, na maji yaliyomo yakiganda kabla haijashika hutanuka kwa takriban asilimia 9 na kuipasua kutoka ndani. Kwa hiyo theluji ilipokaribia, kuta ambazo hazijakamilika zilifunikwa juu kwa majani makavu au samadi, waashi wa kupanga mawe wakaachishwa kazi, na wachonga mawe wakahamia kwenye karakana iliyokuwa ubavuni mwa jengo, ambako waliendelea na kazi kwa ujira uliopungua kwa kuwa mchana ulikuwa mfupi. Ukuta ulifunikwa, aliyeujenga alirudishwa kwao.

Utaratibu huo ulivunjwa na saruji, na pia na riba, kwa kuwa mwenye jengo aliyekopa hakuwa tayari kulilipia deni lake miezi kadhaa huku kazi imelala. Zege hushika kwa mmenyuko wa kikemia kati ya saruji na maji, ambao huzaa joto lake wenyewe lakini hudorora kadiri baridi inavyozidi. Wajenzi wa Marekani wakapasha moto maji na kokoto, wakatia kloridi ya kalisi ili kuharakisha mmenyuko (chumvi ambayo, kama ilivyobainika baadaye, huozesha nondo), kisha wakalizungushia jengo maturubai na kuwasha ndani yake majiko ya chuma ya makaa. Moto huo uliwashwa kwa ajili ya zege, wala si kwa ajili ya kibarua, kwani turubai lililozuia upepo usiingie lilizuia pia kaboni monoksidi, gesi yenye sumu isiyo na rangi wala harufu, isitoke. Ni hatari ileile inayojulikana Njombe na Limuru kwa anayelala na jiko la mkaa chumbani.

Hatari kubwa zaidi, hata hivyo, ilikuwa zege changa linaloonekana gumu. Tarehe 2 Machi 1973, huko Bailey's Crossroads, Virginia, wafanyakazi 14 walikufa jengo la ghorofa lilipoporomoka baada ya mirunda, yaani nguzo za muda, kuondolewa mapema. Miaka 5 baadaye, tarehe 27 Aprili 1978, msiba mkubwa zaidi ulitokea Willow Island, West Virginia, kwenye mnara wa kupozea maji wa kituo cha umeme. Jukwaa la kazi halikusimama juu ya ardhi, bali lilifungwa kwenye ukuta wenyewe, ambao pete yake ya 28 ilikuwa imemwagwa siku moja tu kabla. Pete hiyo ilikatika, na watu wote 51 waliokuwa juu wakaanguka kutoka takriban mita 50. Hapakuwa na theluji wala barafu: halijoto ilikuwa chini ya nyuzi 10 za Selsiasi tu, nayo ilitosha kulichelewesha zege.

Namna ya kuupima ucheleweshaji huo ilikuwapo. Mwaka 1951 Mwingereza A. G. A. Saul alieleza kwamba ukomavu wa zege uhesabiwe kwa kuunganisha muda na joto lake, si kwa siku peke yake. Kiwango cha Marekani cha kutumia hesabu hiyo, kilichotayarishwa na shirika la ASTM, kilitolewa mwaka 1987.