Nani Anatufungulia Kitabu?

Wengi wetu huruka kurasa za mwanzo za kitabu, tukidhani dibaji na utangulizi ni kitu kimoja chenye majina mawili. Mimi huanza na hizo. Kwa desturi, dibaji huandikwa na mtu mwingine, mwenye jina kubwa, anayemdhamini mwandishi mbele ya wasomaji. Utangulizi ni wa mwandishi mwenyewe: nimetoka wapi, nimeyajuaje haya ninayoyasema. (Tabaruku, ule mstari wa kumtunukia mtu kitabu, tuiache leo.) Wachapishaji huyachanganya majina haya ovyo, kwa hiyo mimi hutazama sahihi iliyo chini, si kichwa cha ukurasa.

Hebu chukua Facing Mount Kenya cha Jomo Kenyatta, kilichotoka London mwaka 1938. Kinafunguliwa na sauti mbili. Moja ni ya Bronislaw Malinowski, Mpoland aliyekuwa bingwa wa anthropolojia na mwalimu wa Kenyatta pale London School of Economics. Anamsifu mwanafunzi wake, halafu anamkosoa papo hapo: mbona maneno ya Kizungu kama kanisa na dola kueleza mambo ya Wakikuyu? Na kuhusu uganga, anataka ushahidi zaidi. Mdhamini gani huyu, anaweka sahihi huku akihesabu kasoro!

Sauti ya pili ni ya Kenyatta, na haitegemei cheti cha chuo. Anataja jando, rika lake, kazi yake katika Kikuyu Central Association, gazeti la Muigwithania alilolihariri. Uganga je? Babu yake alikuwa mganga, na yeye ndiye aliyekuwa akimbebea mkoba. Kisha anawarushia dongo wale marafiki wa Mwafrika wanaompenda mradi tu abaki mjinga, ili wao waendelee kumsemea. Hata kama hakumlenga mwalimu wake, maneno hayo yako ndani ya jalada lilelile. Na halikuwa suala la darasani tu. Mwaka 1934 Tume ya Ardhi ya Carter ilikuwa imetoa ripoti iliyowaachia walowezi nyanda za juu, kwa hiyo nani anaaminika akieleza shamba la Mkikuyu ni la nani lilikuwa jambo la kufa na kupona.

Miaka 29 baadaye, 1967, Oginga Odinga alitoa Not Yet Uhuru. Mwaka uliotangulia alikuwa amejiuzulu umakamu wa rais, amekosana kabisa na Kenyatta, ambaye sasa ndiye aliyekaa Ikulu. Mtu wa namna hiyo ungedhani angetafuta mdhamini mwenye nguvu, wa kumkinga. Dibaji yake iliandikwa na Kwame Nkrumah, ambaye jeshi lilikuwa limempindua Februari 1966, na wakati huo alikuwa akiishi Conakry, mgeni wa Sékou Touré.