Nyuma ya Picha Hapakuwa na Kitu

Wiki hii zamu ya historia ni yangu. Wengi wenu mmekuwa mkiniuliza kuhusu kupiga picha na kusimulia habari kwa simu, kama kuna faida yoyote kwetu sisi. Nitajibu kwa kupitia kwetu, Rumonge.

Familia yetu ilikuwa na picha moja tu ya zamani. Vijana watatu wamesimama mbele ya michikichi, wa katikati ni babu yangu. Babu alivuka nayo ziwa mwaka 1972, akaishi nayo Ulyankulu huko Tabora, akarudi nayo nyumbani 2008. Alikuta shamba lake lina watu wengine. Kwenye ule ugomvi akaitoa picha kuonyesha kwamba pale palikuwa kwake. Wakaigeuza nyuma. Hakuna jina, hakuna tarehe, hakuna mahali. Wakamwambia, "Mzee, michikichi iko kila sehemu." Basi ikaisha hapo.

Tangu siku hiyo najiuliza: kwetu ziwani, nani aliandika na nani hakuandika?

Ukitoka Bujumbura kuelekea kusini, kabla hujafika mbali, pale Mugere kuna jiwe kubwa. Limechongwa majina mawili, Livingstone na Stanley, na tarehe 25 Novemba 1871. Wageni wawili walipita, jina lao lipo mpaka leo. Lakini wale waliopiga makasia kuwafikisha pale, jina lao haliko kwenye jiwe. Halafu Mapadri Weupe walifika Rumonge mwaka 1879, na watu watatu wa kundi lao wakauawa hapo tarehe 4 Mei 1881. Siku hiyo inajulikana kwa sababu wenzao waliandika. Majirani zao wa Rumonge wa mwaka ule waliishi, walivua, walizika watu wao, na sisi hatujui hata jina la mmoja.

Tuje 1972. Tarehe 29 Aprili uasi ulianza upande wetu wa ziwa, Rumonge mpaka Nyanza-Lac, na watu waliuawa. Kisha serikali ya Micombero ikajibu kwa mauaji makubwa dhidi ya Wahutu nchi nzima. Watafiti wengi wanataja kati ya watu 100,000 na 300,000. Wazee wetu wanaita Ikiza. Waliotoroka walikuja Tanzania, wakapelekwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Mashamba ya Rumonge yakapata wenyewe wapya. Ndiyo maana mwaka 2006 iliundwa tume ya taifa ya ardhi, kwa sababu kesi zilikuwa nyingi na ushahidi ulikuwa midomoni mwa wazee.

Na wafu je? Februari 2020, tume ya ukweli ya Burundi ilitangaza mabaki ya watu zaidi ya 6,000 kwenye makaburi sita ya halaiki huko Karusi. Wapo waliotambuliwa kwa nguo, miwani na rozari. Fikiria, ndugu yangu: mtu anajulikana kwa miwani kwa sababu hakuna kitu kingine kilichobaki kusema yeye ni nani.

Mwaka 2015 ikawa zamu yetu. Tulishuka Kagunga, kile kijiji cha wavuvi kilichobanwa kati ya mlima na maji, barabara hakuna. Maelfu kwa maelfu tumelala ufukweni, kipindupindu kikaingia. MV Liemba, meli ya Wajerumani iliyotengenezwa 1913, ikawa inachukua watu karibu 600 kwa safari kutupeleka Kigoma. Siku moja alikuja mtu na kamera kubwa, akatupiga sisi na mama, akaondoka. Hakuuliza jina. Hiyo picha sijawahi kuiona. Labda ipo mahali, chini yake imeandikwa "wakimbizi wa Burundi". Simlaumu, ila nilijifunza kitu: nimeshakuwa kama wale wapiga makasia.

Lakini mwaka huohuo kuna kitu kilibadilika. Mwezi Mei redio binafsi za Bujumbura zilipochomwa na kufungwa, waandishi wenyewe walianzisha SOS Médias Burundi. Hawakuwa na mnara wala studio kubwa. Walitumia mitandao, wakaweka maandishi, sauti na picha, wengi bila kutaja majina yao. Mpiga picha Teddy Mazina alifuata maandamano mitaani, baadaye akaishia uhamishoni kama sisi. Kumbe Mrundi mwenyewe anaweza kushika kamera, na dunia ikaangalia.

Kwa wakimbizi pia njia ilishafunguliwa. Kule Kakuma, Kenya, wakimbizi wana gazeti lao, KANERE, tangu 2008, na shirika la FilmAid limefundisha vijana wengi wa kambi kutengeneza filamu. Everyday Africa ilianza 2012 kwa picha za simu tu, picha za maisha ya kawaida: mtu ananyoa, mtoto anaenda shule. Sitawadanganya kwamba utatajirika. Wengine wamepata kazi, wengine wamepata ujuzi tu. Ila simu yenye kioo kilichopasuka inatosha kuanza.

Sasa narudi kwenye ile picha ya babu. Mama alivuka nayo ziwa 2015, ameifunga kwenye nailoni ndani ya Biblia. Babu alikuwa ameshafariki. Mwaka jana nilikuwa nazungukia wazee wa zoni yetu hapa Nyarugusu, nawarekodi. Nikamwonyesha mzee mmoja wa Minago. Aliishika muda mrefu bila kusema. Halafu akaweka kidole juu ya yule kijana wa kulia, akasema, "Huyu ni kaka yangu." Alichukuliwa 1972, hakurudi. Kwao hawakuwa na picha yake hata moja.

Sisi tuliishi na sura ya kaka yake miaka yote ile na hatukujua. Babu alijua. Hakuna aliyemuuliza, hata mimi. Kijana wa kushoto mpaka leo sijui ni nani.

Kwa hiyo ninachowaomba ni hiki. Ukipiga picha, andika vitu vitatu: nani, wapi, lini. Picha bila maneno ni bubu. Kabla ya kupiga, omba ruhusa, na mwenyewe akikataa, acha. Na kuna jambo gumu hapa, wengine mtaniuliza: je, jina halitamhatarisha mtu? Ndiyo, linaweza. Kuna watu kati yetu wanaotafutwa. Basi jina liandike kwenye daftari, lisiende mtandaoni. Kuficha jina ni tofauti na kulipoteza. La kwanza linamlinda mtu, la pili linamfuta.

Na ninyi wafanyakazi wa mashirika, mkitupiga picha, tuulizeni majina, na mkiweza tuleteeni nakala moja. Si jambo kubwa, lakini kwetu ni jambo.

Jumamosi saa tisa mchana tunakutana kwenye kibanda cha vijana. Kila mmoja alete picha moja ya nyumbani, hata iliyochanika, na kama una mzee, njoo naye. Mimi naleta kalamu na ile ya babu. Huenda kuna anayemjua yule wa kushoto.