Marekani: Jinsi wasio na makazi California wanavyopata vitambulisho bila ada

California ndilo jimbo lenye watu wengi zaidi wasio na makazi nchini Marekani. Hesabu iliyofanywa usiku mmoja wa Januari 2024 ilikuta humo watu 187,084, kati ya 771,480 waliohesabiwa nchi nzima. Sheria ya jimbo hilo inampa mtu wa namna hiyo haki ya kupata bure hati mbili ambazo asipokuwa nazo hukwama karibu kila mahali: cheti cha kuzaliwa na kitambulisho chenye picha. Makala haya yanaeleza namna haki hiyo inavyopatikana na pale inapokomea.

Kupoteza hati ni jambo la kawaida kwa anayelala nje. Mvua huloanisha, wezi huiba, na mara nyingi wafanyakazi wa manispaa wanaposafisha kambi za barabarani huzoa kila kitu na kukitupa jalalani. Mwaka 2012, Mahakama ya Rufaa ya Kanda ya Tisa iliamua, katika kesi dhidi ya Jiji la Los Angeles, kwamba mali ya watu hao haiwezi kuchukuliwa na kuharibiwa papo hapo kwa sababu tu wenyewe wameiacha kwa muda kando ya njia. Miongoni mwa vitu vilivyokuwa vimeteketezwa katika kesi hiyo ni vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa na dawa.

Hasara ya hati hizo huonekana kesho yake. Chini ya sheria ya shirikisho ya 1986, mwajiri yeyote Marekani lazima aone hati za utambulisho na za ruhusa ya kufanya kazi ndani ya siku tatu za kazi tangu mwajiriwa aanze. Benki nayo hudai kitambulisho, na mwenye nyumba pia. Basi mtu aweza kupewa kazi Jumatatu na kuipoteza Alhamisi, ingawa ana sifa zote.

Kibaya zaidi, hati moja huomba nyingine. Ili kupewa kitambulisho sharti uonyeshe cheti cha kuzaliwa. Ili kupewa cheti hutakiwa kuthibitisha wewe ni nani. Kadi ya hifadhi ya jamii hutolewa bure kwa kila mtu, lakini ofisi inayoitoa nayo hutaka kwanza uthibitisho wa utambulisho. Mwenye nyumba na kabati la kutunzia karatasi haoni shida hii. Asiye navyo huzunguka nayo miezi.

Mwaka 2014 mbunge Sharon Quirk-Silva aliwasilisha muswada AB 1733, na Gavana Jerry Brown akautia saini mwezi Septemba mwaka huo. Sehemu ya vyeti vya kuzaliwa ilianza kutumika Julai 1, 2015, na ile ya vitambulisho Januari 1, 2016. Kabla ya hapo kila hati iligharimu dola ishirini na kitu. Ubora wa sheria hiyo ni kwamba iliondoa ada zote mbili. Huko Indiana, sheria ya 2005 iliyowataka wapiga kura kuwa na kitambulisho chenye picha ilikitoa kitambulisho hicho bure, lakini kaunti za jimbo hilo zilitoza kati ya dola 3 na 12 kwa cheti cha kuzaliwa kinachohitajika ili kukipata. Mahakama Kuu ya Marekani iliiidhinisha sheria hiyo mwaka 2008. Kufungua mlango wa pili huku wa kwanza umefungwa ni msaada wa nusu.

Katika California, kinachochukua nafasi ya fedha ni saini. Mwombaji sharti awe na mtu anayeijua hali yake ya makazi na aliye tayari kuithibitisha kwa maandishi. Sheria imewataja wanaoweza kufanya hivyo: shirika la serikali au lisilo la kiserikali linalopokea fedha za umma kwa ajili ya kuwahudumia wasio na makazi, wakili mwenye leseni katika jimbo hilo, ofisa wa elimu anayeshughulikia watoto wasio na makazi, mtoa huduma za jamii anayegharimiwa na umma, na polisi aliyeteuliwa kuwa kiungo na watu hao. Anayelala ndani ya gari, bustanini au katika makao ya dharura anahesabiwa. Mwanafunzi anayejibanza kwa jamaa baada ya familia yake kupoteza nyumba naye anahesabiwa.

Inafaa kuanza na cheti. Mwombaji hupeleka hati ya kiapo iliyotiwa saini kwa msajili wa kaunti aliyozaliwa au kwa msajili wa jimbo, na hupewa nakala moja kwa kila ombi. Aombe nakala iliyoidhinishwa. Ile ya taarifa tu hupigwa muhuri kwamba haifai kuthibitisha utambulisho. Kisha huenda Idara ya Magari, ambayo ndiyo hutoa vitambulisho, akiwa na fomu DL 933 ambayo hupewa na mtoa huduma wake. Kwa suala la mahali anapoishi, barua ya makao ya dharura au ya shirika la dini yaweza kupokelewa. Asisahau anwani: kitambulisho hutumwa kwa posta, na wengi hutumia anwani ya shirika linalowasaidia.

Haki hii ina mipaka. Msamaha wa cheti unawahusu waliozaliwa California pekee. Aliyezaliwa jimbo jingine hufuata ada na masharti ya huko, na mara nyingi ni makanisa na mashirika ya hisani yanayomlipia. Aliyezaliwa ng'ambo, wakiwemo wakimbizi wa Kikongo waliopewa makazi Marekani, hutegemea hati zake za uhamiaji, na sheria hii haikuzigusa gharama za kuzipata upya.

Majimbo mengine yana njia zao. Florida na Illinois hutoa vitambulisho bila ada kwa wasio na makazi. Jiji la New York lilianzisha mwaka 2015 kadi yake lenyewe, ambayo hata asiye na anwani anaweza kuiomba.

Juni 2024, Mahakama Kuu iliruhusu miji kuwaadhibu wanaolala katika maeneo ya umma, na usafishaji wa kambi umeendelea. Anayenyang'anywa mkoba wake katika zoezi hilo ajue kwamba msamaha wa California unahusu pia kitambulisho cha kuchukua nafasi ya kilichopotea: atarudi kwa mtoa huduma wake, atapewa fomu mpya, na hatalipa chochote.